Maswali ya Wasomaji: Aliyefia vitani, mwili haukupatikana

Barua nyingi mwezi huu zimetokana na makala ya televisheni iliyoonyesha familia moja ya Marekani ikipokea jeneza la askari wao wa Marine (kikosi cha Marekani kinachotua pwani kutoka melini), aliyeuawa mwaka 1943 Tarawa, katika Bahari ya Pasifiki. Baadhi yenu mmeuliza juu ya askari huyo na wenzake. Wengine, na ndio wengi, mmeuliza juu ya babu zenu waliotoka Tanganyika wakaenda vitani wasirudi. Tunajibu zote pamoja. Kazi ya kumtafuta mtu wa namna hii inafanana popote alipofia, ila wanachofanyiwa marehemu hakifanani, na hilo tutalisema wazi.

*Wahariri, habari za kazi. Kisiwa cha Tarawa kilichoonyeshwa ni kidogo mno. Inakuwaje mamia ya watu wazikwe hapo na wenzao wenyewe, halafu makaburi yapotee? Hawakuwa na daftari?*
Msomaji, Tandika

Daftari walikuwa nalo. Kilichovurugika ni uhusiano wa daftari na ardhi.

Mapigano yalikuwa Betio, kisiwa kimoja katika visiwa vya Tarawa, ambavyo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Eneo lake halikufika kilomita za mraba 1.5. Marine walitua tarehe 20 Novemba 1943, na kisiwa kikatekwa tarehe 23, baada ya saa 76 hivi. Marine na mabaharia wa Marekani wapatao 1,000 waliuawa, na upande wa pili karibu kikosi chote cha Kijapani pamoja na vibarua wa Kikorea kiliangamia. Hapo ni karibu na ikweta, jua ni lile tunalolijua, na miili haikuweza kusubiri. Kila kikosi kilizika watu wake karibu na pale walipoanguka. Mtaro ulichimbwa, mara nyingi kwa tingatinga, miili ikalazwa bega kwa bega, wengi wakiwa wamefungwa kwenye makoti yao ya mvua, na alama ya mti ikasimikwa juu. Matokeo yake kisiwa kilijaa makaburi madogo madogo. Anayeandika taarifa hutaja mahali kwa vitu vilivyo mbele ya macho yake: gati, handaki, gari la vita lililoungua. Vitu hivyo vikiondolewa, maelezo hayana pa kushikia.

Vikaondolewa kweli. Jeshi la Majini lilileta wajenzi wapanue uwanja wa ndege, wachonge barabara na kujenga maghala. Katika kupanga kisiwa, alama za awali ziling'olewa, na mahali pake ikasimikwa misalaba myeupe katika safu zilizonyooka. Misalaba ile ilikuwa ya ukumbusho, na mingi haikuwa na mtu chini yake. Mwaka 1946 kikosi cha kukusanya miili kilifika na orodha mkononi, kikachimba chini ya misalaba, kikakuta mchanga mtupu. Waliofukuliwa ni karibu nusu tu. Mifupa iliyokosa jina ilipelekwa Hawaii, ikazikwa katika makaburi ya taifa ya Honolulu kama ya askari wasiojulikana. Mwaka 1949 familia za waliobaki zilijulishwa kwamba watu wao hawawezi kupatikana.

Tusemavyo sisi, hili ndilo jambo la kushika katika habari yote ya Tarawa: watu wale walipotezwa na ujenzi na unadhifishaji kuliko walivyopotezwa na vita.

Miaka mingi baadaye shirika la kiraia liitwalo History Flight lilirudia kazi ile. Lililinganisha picha za angani za wakati wa vita na ramani za sasa, likatumia rada ya kupima chini ya ardhi na mbwa aliyefunzwa kunusa mabaki ya binadamu. Mwaka 2015 likaupata mtaro uliojulikana katika nyaraka kama Kaburi namba 27, chini ya eneo la kuegesha magari. Julai mwaka huo mabaki yaliyokadiriwa kuwa ya watu 36 yalirudishwa Hawaii. Mmoja wao alikuwa Luteni Alexander Bonnyman, mwenye Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote Marekani. Alitambulika kwa meno yake yaliyozibwa kwa dhahabu, akazikwa kwao Knoxville, Tennessee, mwezi Septemba.

Kuna jambo la udongo pia. Mchanga wa Betio umetokana na matumbawe na hauna tindikali, kwa hiyo mifupa ilikaa zaidi ya miaka 70 ikiwa bado imara. Katika misitu ya mvua ya Papua Guinea Mpya au Burma (Myanmar ya leo), udongo wenye tindikali huila mifupa. Mchimbaji akibahatika hupata meno, vifungo na soli ya kiatu.

Kwa kulinganisha, tazameni kisiwa cha jirani, Butaritari, ambacho Marekani walikiita Makin. Marine walikishambulia Agosti 1942, wakaondoka wakiacha maiti zao. Wenyeji ndio waliozizika. Mwaka 1999 mzee mmoja wa hapo, aliyekuwa kijana siku ya mazishi yale, alionyesha mahali, na Marine 19 wakapatikana katika kaburi moja. Lakini wenzao tisa waliotekwa walipelekwa kisiwa cha Kwajalein na kukatwa vichwa Oktoba 1942, na hao hawajapatikana mpaka leo. Shambulio ni moja na jeshi ni moja. Wale 19 walikuwa na shahidi aliyeishi kuonyesha mahali.

*"Aliyepotea vitani" na "aliyeuawa, mwili haukupatikana" si jambo lile lile?*
Mwalimu, Mbezi

Si lile lile, Mwalimu, na ukisoma faili bila kujua tofauti yake utapotoka.

Aliyepotea ni yule ambaye hakuna aliyemwona akifa: ndege haikurudi, doria imetoka ikarejea pungufu. Aliyeuawa na mwili haukupatikana ni yule ambaye wenzake walimwona akianguka, au ushahidi wa kifo chake umetosha, ila mwili haukuweza kuchukuliwa. Huyu wa pili anaandikwa amekufa tangu siku ile ile. Wa kwanza, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1942, faili lake lilipitiwa upya baada ya miezi 12, na wakuu waliweza kumtangaza kuwa amekufa. Kwa hiyo ukikuta tarehe ya kifo imeangukia mwaka mmoja na siku moja baada ya tukio, jua hiyo ni tarehe ya karani. Siku aliyokufa mtu itafute kwenye taarifa ya tukio lenyewe.

Marekani bado inahesabu zaidi ya 80,000 wasiopatikana tangu Vita Kuu ya Pili, na takriban 41,000 kati yao wanadhaniwa kuwa baharini. Waliokosa makaburi katika Pasifiki wameandikwa kwenye kuta za mawe pale pale Honolulu. Mmoja wao akipatikana na kutambuliwa, jina halifutwi. Huwekwa kitufe cha shaba chenye umbo la waridi kando yake.

*Mfupa wa miaka 80 unajulikanaje ni wa fulani? Na ni ndugu yupi anayetoa kipimo? Kwenye makala walimpima mpwa wakamwacha mtoto wa marehemu, tukashangaa.*
Ndugu wawili, Mwananyamala

Hawakukosea. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Kazi inaanzia shimoni. Eneo hugawanywa viwanja vidogo kwa kamba, udongo huondolewa tabaka kwa tabaka na kupitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 6 hivi. Kila kitu huandikwa kilikotoka, kwa sababu meno mawili yaliyookotwa sehemu mbili yanaweza kuwa ya watu wawili. Maabarani wataalamu wa mifupa hukadiria umri, kimo na majeraha kabla ya kuambiwa ni nani anayetafutwa, wasije wakaona wanachotaka kuona. Meno hulinganishwa na kadi ya daktari wa meno wa jeshi. Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: askari wa miaka ile walipigwa picha ya kifua kupima kifua kikuu, na umbo la mfupa wa mtulinga kwenye picha hulinganishwa na mtulinga uliofukuliwa.

Vinasaba huja kuunganisha hayo. Mfupa mkongwe umebakiwa na vinasaba vichache vilivyokatika katika. Vinavyodumu zaidi ni vile vya upande wa mama, kwa sababu kila seli ina nakala zake nyingi mno. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike, lakini watakaovirithisha ni wa kike peke yao. Sasa mtafuteni mtu wenu kwa njia hiyo. Wanaofaa ni mama yake, kaka na dada zake wa tumbo moja, watoto wa dada zake, na watoto wa mabinti wa dada zake. Wanafaa pia wajomba zake, mama wakubwa na mama wadogo, pamoja na watoto wa hao mama wakubwa na wadogo. Wasiofaa kwa kipimo hiki ni watoto wake mwenyewe, watoto wa kaka zake, watoto wa mjomba, na watoto wa shangazi. Ndiyo maana mpwa aliitwa na mtoto akaachwa.

Upande wa baba upo pia, unaopita mwanamume kwa mwanamume: mtoto wake wa kiume, kaka, mtoto wa kiume wa kaka, baba mkubwa, baba mdogo. Kaka wa baba mmoja na mama tofauti anafaa hapa, lakini hafai kwenye kile cha kwanza. Katika familia zetu za wake wengi hili huleta makosa, kwa sababu wote huitana ndugu bila kutaja tumbo. Mtu akiulizwa ukoo wake kwa ajili ya kipimo, ataje kila mtoto na mama aliyemzaa.

Kuchukua sampuli ni kusugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, kinywa kikiwa kimesafishwa kwa maji na mtu hajala muda huo huo. Kwa familia za Marekani kifaa hutumwa bure na ofisi ya jeshi husika, na maabara iko Dover, Delaware. Maabara ya mifupa iko Hawaii na nyingine Nebraska, chini ya wakala wa Marekani wa kutafuta waliopotea vitani, uitwao DPAA, ulioundwa mwaka 2015.

Mambo huharibika wapi? Mifupa ya askari wengi wasiojulikana wa Vita ya Korea ilitiwa dawa kali ya kuihifadhi kabla ya kuzikwa upya Hawaii, na dawa hiyo ilivuruga vinasaba kiasi kwamba vipimo vya zamani havikuona kitu. Njia mpya ya kuvisoma ilianza kutumika mwaka 2016. Na kipimo kikitoa jibu huwa kizito kweli. Mwaka 1998 askari asiyejulikana wa Vita ya Vietnam aliyezikwa kwa heshima zote katika makaburi ya taifa ya Arlington alitambuliwa kwa vinasaba vya upande wa mama kuwa rubani Michael Blassie. Akarudishwa kwao, na sehemu ile ya kaburi imebaki wazi.

*Shikamooni wahariri. Babu mzaa baba aliingia KAR (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akaenda Burma mwaka 1944. Bibi aliitwa bomani akaambiwa mumewe amefariki. Hakuna kaburi, hakuna karatasi, kuna medali mbili. Naanzia wapi?*
Mjukuu, Ilala

Marahaba, mjukuu. Kabla hujashika simu kutafuta mtandaoni, kaa na wazee. Unahitaji mambo manne: majina yote aliyotumia, namba yake ya jeshi, kikosi, na mahali au majira alipofia. Namba ndiyo kubwa kuliko yote, kwa kuwa majina yanafanana na namba haifanani.

Mzee ukimuuliza "alikuwa kikosi gani?" atasema hajui. Muulize alifundishiwa wapi, aliondoka na nani wa kijijini, alipanda meli bandari gani, barua ya mwisho ilisomwa na nani, habari za msiba zilifika wakati wa kulima au wa kuvuna. Jina la mwenzake lina thamani sana. Vijana walioandikishwa siku moja mara nyingi walipewa namba zinazokaribiana, na mwenzake akionekana kwenye orodha, umeshajua kikosi cha kufuatilia.

Medali, tafadhali, usizisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba. Chukua tochi, uimulike kwa ubavu ukingo wa medali, uzungushe polepole. Medali za Vita Kuu ya Kwanza huwa zimechorwa namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo huo mwembamba, na kusugua kwa miaka kumefuta herufi za watu wengi. Za Vita ya Pili zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuandikwa jina, kwa hiyo ukikuta patupu usikate tamaa. Ile yenye umbo la nyota iliyoandikwa Burma Star inathibitisha alifika uwanja ule wa vita.

Sasa ingia kwenye tovuti ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Kutafuta ni bure. Kamisheni huhesabu waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita ya pili, na kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 kwa ya kwanza. Andika jina kwanza kama mnavyoliandika nyumbani. Lisipotokea, kumbuka karani aliandika alivyosikia: Salum ni Salimu au Sarumu, Mwinyi ni Muini, Hassan ni Asani. Jina la baba linaweza kuwa limewekwa kama jina la ukoo, au mtu ameandikwa jina moja tu. Aliyebatizwa aliweza kuandikishwa kwa jina la nyumbani. Likikataa kabisa, ondoa jina. Tafuta kwa kikosi, yaani King's African Rifles, na mwaka wa kifo, kisha pakua orodha nzima uisome mstari kwa mstari ukiwa umetulia. Inachosha, lakini wengi hupatikana hivyo. Soma sehemu ya maelezo ya ziada, kwa sababu mara nyingine imetaja jina la baba na wilaya ya nyumbani. Ukikuta akina Juma Ali watano, wilaya ndiyo itakayowatenganisha. Isipotajwa, usichague mmoja kwa kubahatisha. Ukimchukua babu wa watu, na wao watamkosa.

Jambo moja tunalisisitiza: usiseme hana kaburi kabla hujatafuta. Katika familia nyingi "hana kaburi" humaanisha kwamba hakuna aliyetuambia liko wapi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, ikafika Kalemyo mwezi Novemba na mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Matope yalifika magotini, na malaria na homa iletwayo na utitiri wa vichakani ziliangusha watu pamoja na risasi. Aliyefia hospitalini nyuma ya mapigano huenda ana kaburi lenye jina, India au Burma. Aliyeachwa bondeni jina lake linatakiwa liwe kwenye Ukumbusho wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan kaskazini mwa Yangon (ndiyo Rangoon ya zamani), wenye majina karibu 27,000. Tovuti itakupa namba ya jiwe. Iandike, kwa sababu bila hiyo mtu anaweza kuzunguka nguzo zile siku nzima.

Ukimkosa kabisa, fungua upande wa nyaraka. Nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, uombe majalada ya wilaya alikoandikishwa ya miaka ya 1939 hadi 1947. Barua za boma kuhusu askari waliofariki na posho za wajane zilipita kwa Mkuu wa Wilaya. Uingereza, kwenye Nyaraka za Taifa za Kew, ziko shajara za kila siku za vikosi. Zile za Burma zimo kwenye fungu WO 172. Uwe tayari kuumia: ofisa hutajwa kwa jina, na askari wa Kiafrika mara nyingi huwa hesabu tu, wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Hata hivyo tarehe na mahali vitakuwa sahihi, na ukivilinganisha na orodha ya CWGC ya siku hiyo majina yanaweza kujitokeza. Ukipata ushahidi wa maandishi kwamba alikufa akiwa kazini na hayumo kwenye orodha, ipelekee Kamisheni. Wana utaratibu wa kuongeza majina.

Mwili wenyewe, mjukuu, tusikudanganye. Marekani hutuma timu kutafuta, na familia ikitaka humrudisha mtu nyumbani. Jumuiya ya Madola ilifuata kanuni nyingine, askari azikwe karibu na alipofia, na Kamisheni haiendi kuchimba. Hushughulika na mabaki yakionekana kwa bahati, mkulima akilima au barabara ikichongwa. Kutambulika nako ni kugumu. Visahani vya shingoni vya jeshi la Uingereza vilikuwa vya faiba, cha kijani chenye pembe nane kibaki na mwili na chekundu cha duara kichukuliwe kama taarifa, na faiba huoza ardhini. Jina lake kuandikwa mahali pake kwa usahihi kunawezekana. Weka nguvu zako hapo.

*Babu yetu alizama na meli ya askari kabla ya kufika Ceylon (Sri Lanka ya leo). Je, anaweza kutolewa?*
Familia, Kigamboni

Hapana. Inaelekea mnazungumzia Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga karibu na Maldivi, ikazama katika dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo askari wa mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki na wauguzi wengi. Iko bahari kuu. Majina ya askari wale yamo kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Mtu wa Dar anaweza kwenda kwa basi. Kwenye ukumbusho huo huo yumo Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha KAR cha Tanganyika, aliyepanda juu ya kifaru cha Waitaliano kule Colito, Ethiopia, Mei 1941, akapewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Mwili wake nao haukupatikana.

*Babu wa babu alikuwa mpagazi wa Waingereza mwaka 1917, akafia njia ya Rufiji. Nimekwenda makaburi ya vita ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, sikuona jina.*
Msomaji, Kariakoo

Hukuona kwa sababu halikuandikwa. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Ukumbusho uliomo ndani una majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi waliokufa kuanzia Januari 1917 na hawana makaburi yanayojulikana. Askari wa Kiafrika na wapagazi walipewa sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, yenye maandishi ya kuwasifu na isiyo na jina hata moja.

Aprili 2021 Kamisheni yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka India, Afrika na Misri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Sisi tunaona radhi hiyo inadai kazi, na kazi yenyewe ni majina, ambayo mengi yako kwenye vichwa vya wazee na kwenye vitabu vya misheni na maboma. Andika ulichonacho: jina, baba yake, kijiji, jumbe aliyemtoa, mwaka. Usisubiri mpaka kitimie ndipo ukipeleke.

*Je, inafaa kumsalia maiti ambaye hayupo? Bibi anauliza.*
Mjukuu wa kike, Magomeni

Mpe bibi shikamoo yetu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, swala ya ghaibu inajuzu kwa aliyefia mbali. Mtume alimsalia Najashi wa Uhabeshi akiwa Madina. Kwa kuwa miaka mingi imepita, shehe wa msikiti wenu ndiye wa kuongoza na kueleza masharti. Kwa familia za Kikristo huwa ni ibada ya kumbukumbu, na mchungaji au padri ataomba jina kamili na tarehe. Kama tarehe haijulikani, taja mwaka tu.

*Kuna mtu ananiambia nimlipe ada anifuatilie fidia ya babu wa KAR Uingereza.*
Msomaji, Mbagala

Usilipe. CWGC haitozi ada wala haitoi fidia. Hulinda makaburi na majina. Anayekuomba picha ya kitambulisho na namba ya benki kwa ajili hiyo, mripoti polisi.

*Tunachimba msingi shambani, upande wa Rufiji, tumetoa mifupa na vyuma vya zamani. Fundi anataka kuendelea.*
Mwenye kiwanja, Temeke

Mzuie fundi leo hii. Sababu ya kwanza ni uhai wenu: kombora la mwaka 1917 lililooza kwa nje linaweza kuwa zima kwa ndani. Msiguse chuma chochote chenye umbo la risasi kubwa, yai au bomba, msikigonge, msikipakie kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Watu wasogee mbali, watoto waondolewe, na mpige simu polisi namba 112. Wao wataita wataalamu wa jeshi.

Mifupa iacheni ilipo. Iliyokwisha kutolewa isirudishwe shimoni wala isioshwe. Ifunikwe kwa kitambaa safi au karatasi pale ilipolazwa, si kwenye mfuko wa nailoni unaotoa jasho. Piga picha tatu: ya mbali ikionyesha mti au nyumba, ya kati ikionyesha shimo, na ya karibu ukiwa umeweka rula pembeni. Pima kina kutoka usawa wa ardhi hadi kwenye mfupa, andika, na hifadhi alama ya mahali ya simu yako. Vifungo, buckle za mkanda, soli zenye misumari na kisahani chochote visitenganishwe na mfupa vilikokutwa navyo, maana vifungo ndivyo vinavyosema ni jeshi gani, na likijulikana jeshi ndipo orodha ya kutafuta inapopatikana.

Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji kwa maandishi, naye awafikishie polisi na Idara ya Malikale. Kaburi halihamishwi bila utaratibu wa kisheria, hata likiwa ndani ya kiwanja chenye hati. Polisi wakishathibitisha kwamba si jinai ya karibuni, na mabaki yakionekana ni ya askari wa Jumuiya ya Madola, Kamisheni itaarifiwa, na ikiwa ni Mjerumani, ubalozi wake. Akiwa mpagazi au askari wetu, asiye na kisahani wala kifungo, wazee wa kijiji waulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote kambi ilikuwa wapi na nani walizikwa hapo. Majibu yao yaandikwe siku hiyo hiyo, kila mzee kwa jina lake, na nakala ibaki kwenye ofisi ya kijiji.